Fundi, kibarua au mkandarasi mdogo: maswali yanayoulizwa sana kuhusu fidia ya ajali kwenye saiti za Mwanza

Maswali haya yametoka vijiweni na saiti za Buzuruga, Nyegezi, Igoma na Buswelu. Machache niliulizwa kwa simu usiku, anayeuliza akiwa tayari yuko wodini. Nimesimamia ujenzi Mwanza kwa miaka mingi. Si wakili, lakini sheria hizi nimelazimika kuzisoma kwa sababu ya kazi. Yanayoelezwa hapa ni ya Tanzania Bara.

MISINGI

1. Fidia kwa mfanyakazi ni nini hasa?

Ni malipo na huduma anazopata mtu aliyeumia, aliyeugua au aliyefariki kwa sababu ya kazi yake. Inasimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Ajali zilianza kufidiwa na Mfuko tarehe 1 Julai 2016.

Jambo ambalo watu hawalielewi haraka ni kwamba huna haja ya kuthibitisha kuwa bosi alizembea. Hakuna kesi ya nani mkosaji. Unathibitisha mambo mawili tu: kwamba wewe ni mfanyakazi, na kwamba umeumia kwa sababu ya kazi na ukiwa kazini. Kwenye saiti zetu hilo la pili huwa rahisi. Vita vyote vinapiganwa kwenye la kwanza, ndiyo maana swali la 4 ni refu kuliko mengine.

Wazee watakukumbusha sheria ya zamani, ambapo ulemavu wa kudumu ulifidiwa kwa kiwango cha juu cha shilingi 108,000 na kifo shilingi 83,000. Ukisikia mzee anasema "fidia ni hela ya soda", anaikumbuka hiyo.

2. Nani anachangia? Nitakatwa kwenye posho yangu?

Mwajiri peke yake. Kiwango ni asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Zamani sekta binafsi ilichangia asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Msimamizi akikukata "hela ya WCF" siku ya malipo, anakuibia.

Tuhesabu kidogo. Fundi ana vijana 4, kila mmoja anamlipa 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Jumla ni 1,560,000. Asilimia 0.5 yake ni shilingi 7,800, ambayo haifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji. Bado kuna watu wanakwepa.

3. Mfuko unalipa nini?

Mafao ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao (kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi na maisha ya kawaida), malipo ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, gharama za mazishi, na malipo kwa wategemezi wa marehemu.

Mafundi wengi wanauliza kuhusu ulemavu wa muda, yaani mguu umefungwa plasta ya hospitali (POP) na huwezi kupanda jukwaa. Hapo unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, na malipo hayo hayazidi miezi 24. Aliyekuwa anapata 390,000 kwa mwezi atapata kama 273,000. Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo unalipwa pensheni kila mwezi.

Ukitazama hesabu hiyo utaona kwa nini kumbukumbu za malipo yako zina thamani. Asilimia 70 ya kipato kisichothibitika ni ubishi mtupu. Tazama swali la 11.

NANI ANAHESABIKA KUWA MFANYAKAZI

4. Mimi ni fundi wa kujitegemea. Nimo au simo?

Inategemea unavyofanya kazi. Jina unaloitwa halina uzito mkubwa. Mtu anayeendesha biashara yake kweli, na anayemlipa akiwa mteja wake, hayumo. Lakini nusu ya wanaojiita "wa kujitegemea" kwenye saiti zetu si wa kujitegemea hata kidogo.

Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, endapo kuna hata dalili moja kati ya hizi: anayekupa kazi ndiye anayeamua uifanyeje, ndiye anayepanga saa zako, wewe ni sehemu ya kampuni au taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, au humfanyii mtu mwingine.

Hata moja. Saa 45 kwa mwezi ni kama siku 5 au 6 za saiti.

Chukua msuka nondo wa Nyakato. Anafika saa moja asubuhi kwa sababu msimamizi amesema saa moja. Koleo na waya wa kufungia anapewa stoo na kuvirudisha jioni. Msimamizi akisema stirapu (ringi za nondo) ziwe kila sentimita 15, anafunga 15. Miezi minne hajagusa saiti nyingine. Huyo hata akiandikwa "mkandarasi" mara kumi, dalili zote zinamtaja kuwa mwajiriwa.

Sasa chukua fundi aluminiamu mwenye karakana yake Mabatini. Anapima madirisha, anatoa bei, anatengeneza kwake kwa mashine zake, anakuja kufunga siku mbili na vijana wake, wiki hiyo hiyo ana wateja wengine watatu. Huyo ni mfanyabiashara. Akiteleza kwenye ngazi, mwenye jengo si mwajiri wake.

5. Silipwi kwa siku. Nimepewa kazi ya mkataba, kwa mfano kupiga plasta ghorofa nzima kwa bei moja. Hapo si mkandarasi tayari?

Si lazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu kuwa aina mojawapo ya mkataba wa ajira. Kwa hiyo kulipwa kwa kipande, kwa mita au kwa tofali hakukutoi kwenye ajira peke yake. Rudi kwenye dalili za swali la 4: nani alikuwa anakusimamia, vifaa vya nani, uliruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yako?

Kwa uzoefu wangu, swali hilo la mwisho ndilo linalofichua mengi. Fundi anayeweza kumtuma shemeji yake Jumanne bila kuomba ruhusa yuko karibu na mkandarasi. Anayefukuzwa akikosa siku moja ni kibarua.

6. Nilisainishwa karatasi inayosema "ajali yoyote ni juu yangu mwenyewe". Nimekwisha?

Hapana. Kifungu cha 61 kinasema "bila kujali mkataba umeandikwaje", na karatasi za namna hii ndizo kinazozilenga. Usiichane. Piga picha, itunze. Karatasi yenye jina lako, jina lake na jina la saiti ni ushahidi kwamba ulikuwa pale. Nimeshaona karatasi ya kumkana mtu ikigeuka kuwa kielelezo chake cha kwanza.

7. Nimechukua ufundi tu kwa mwenye kazi, nami nina saidia fundi watatu ninaowalipa. Mimi ni nani?

Unaweza kuwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na ndipo wengi wanapotumbukia. Kwa wale vijana watatu wewe ni mwajiri. Unawachagua, unawalipa, unawafukuza. Wajibu wa kujisajili WCF na kuwachangia ni wako. Kwa mwenye kazi, unaweza kuwa mkandarasi au mwajiriwa kutegemea dalili za swali la 4.

Mafundi wakuu hawapendi kusikia hili. "Mimi mwenyewe naokoteza, nitakuwaje mwajiri?" Kaka, kijana akidondoka na karai la zege kichwani, mama yake atakuja kwako. Hatamtafuta mwenye ghorofa.

8. Kama kweli mimi ni wa kujitegemea, nijilinde vipi?

Kata bima ya ajali binafsi kwenye kampuni iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kabla ya kulipa uliza kama kazi ya kupanda juu imejumuishwa, maana bima nyingine zinaitoa. Ingiza gharama hiyo kwenye bei yako ya kazi kama unavyoingiza nauli. Matibabu ya kawaida yana bima yake ya afya, ambayo haitakulipa kwa siku ulizolala nyumbani.

AJALI IMETOKEA

9. Nimeumia leo. Nianze na nini?

Hospitali. Ukifika, mwambie anayekuandika kwamba umeumia kazini, taja saiti, na hakikisha imeandikwa kwenye faili. Wengi wanasema "nimeanguka nyumbani" kwa sababu msimamizi aliyewaleta amesimama pembeni. Sentensi hiyo itakufuata.

Halafu mpe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo. Mdomo unatosha kuanzia, lakini fuatisha ujumbe wa simu: tarehe, saa, mahali, ulivyoumia. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa WCF tangu alipoarifiwa. Dai la fidia lenyewe lina ukomo wa miezi 12. Miezi 12 inaonekana mingi mpaka pale unapoambiwa "subiri bosi arudi kutoka Dar".

10. Bosi anasema tusipeleke mbali, atanitibu mwenyewe. Nikubali?

Matibabu ya haraka pokea. Kunyamaza usikubali.

Nitaeleza niliyoshuhudia. Nyumba ilikuwa inapanda kwenye mawe juu ya mlima, zile za kwetu ambazo lori halifiki na kila tofali linapandishwa kwa mikono. Jukwaa lilikuwa la mirunda, limefungwa kwa kamba, na mguu mmoja wa jukwaa umekaa juu ya jiwe la mviringo. Saidia fundi mmoja, kijana wa miaka 20 hivi, alikuwa anapokea karai usawa wa lenta. Jiwe likacheza. Akaanguka kwa miguu, kisigino kikapasuka.

Mwenye kazi alikuja jioni na 50,000 na soda mbili. "Dogo, tutayamaliza kifamilia." Wiki ya kwanza alilipa dawa. Wiki ya pili alituma 20,000. Wiki ya nne simu haipokelewi, jukwaa limeshabomolewa, na wenzake wametawanyika saiti nyingine. Kijana hakuwa na picha, hakuwa na ujumbe hata mmoja, na faili la hospitali lilisema aliteleza. Mimi nilikuwa saiti ya jirani, na nilichofanya siku ile ni kusaidia kumbeba hadi barabarani. Sikumwambia lolote kuhusu taarifa.

11. Sina mkataba wa maandishi. Nitathibitishaje?

Kwanza, kutokuwa na maandishi si kosa lako. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na mgogoro ukitokea akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Isipokuwa kama unamfanyia chini ya siku 6 kwa mwezi, hapo wajibu huo haupo.

Pili, una ushahidi mwingi kuliko unavyodhani: ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money kutoka kwa msimamizi kila Jumamosi, kundi la WhatsApp la saiti, picha uliyojipiga ukiwa juu ya slabu, daftari la mahudhurio la stoo (lipige picha), mama ntilie aliyekukopesha wali mwezi mzima na ana jina lako kwenye daftari lake. Huyo mama ni shahidi mzuri kuliko fundi mwenzako, kwa sababu haogopi kufukuzwa.

12. Bosi hajajisajili WCF kabisa. Basi tena?

Kutojisajili ni kosa lake, na adhabu yake kisheria ni faini isiyozidi shilingi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote. Wewe nenda mwenyewe ofisi ya WCF ya Mwanza na ushahidi wa swali la 11. Afisa Kazi wa mkoa naye anahusika, na kama saiti ni ya hatari, wapo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa mjini.

13. Sikuwa nimevaa helmeti. Je, nitanyimwa? Na kama nilikuwa nimekunywa?

Uzembe wa kawaida haukuondolei haki. Rejea swali la 1. Zaidi ya hapo, vifaa vya kujikinga anatakiwa kuvitoa mwajiri kwa gharama yake. Ulevi ni jambo jingine. Huo unahesabika utovu wa nidhamu wa makusudi na unaweza kukuharibia dai. Pombe ya asubuhi "kuondoa baridi ya ziwa" tuiache.

KWA WENYE KAZI

14. Najenga nyumba yangu ya kuishi. Fundi akianguka, nina deni?

Ukipatana na fundi mkuu bei ya ufundi, akaja na watu wake na vifaa vyake, na wewe unapita jioni kuangalia tofali zimefika wapi, wewe ni mteja. Vijana ni wake, kama ilivyoelezwa swali la 7.

Shida ni kwamba wenye nyumba wengi wa Buswelu na Kisesa hawajengi hivyo. Wanaokota vibarua wenyewe, wananunua makarai na sepetu, wanawalipa mmoja mmoja jioni, na wanakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi wakielekeza. Mzee, hapo umeshakaa kwenye kiti cha mwajiri. Ama mpe fundi kazi yake kwa maandishi, ama wachukue kama wafanyakazi wako na ubebe wajibu wake.

15. Mimi ni mkandarasi. Nimdai nini mkandarasi mdogo kabla hajaingia saiti?

Usajili wake CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) na daraja lake, cheti cha WCF, na orodha ya majina ya watu wake inayosahihishwa kila wiki. Hiyo orodha ndiyo ya muhimu. Cheti kinaweza kuwa halali huku vijana 9 kati ya 12 walioko juu hawajulikani na mtu yeyote.

KESI ZENYE UTATA

16. Mkandarasi mkuu ni kampuni ya kigeni, chini yake kuna kampuni ya Mtanzania, chini yake kuna "nyapara" aliyenileta. Mwajiri wangu nani?

Miradi mikubwa ya miaka hii, reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka na Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3.2, imewazoesha vijana wetu ngazi za namna hii. Uraia wa kampuni hauna maana. Anayeajiri Tanzania Bara anafuata sheria ya hapa. Fuata hela na amri: nani anakulipa, nani anaweza kukuondoa getini? Nyapara mara nyingi ni msimamizi tu wa kampuni ya kati. Kitambulisho cha getini kitunze hata mradi ukiisha, maana jina la kampuni lililoandikwa pale lina uzito.

17. Tunajenga darasa kwa fosi akaunti, yaani shule inajenga yenyewe kwa kutumia mafundi wa hapa bila mkandarasi. Shule inanunua vifaa, mimi nimepewa ufundi. Nikiumia?

Kama umesaini kama fundi mwenye timu, vijana ni wako. Kuhusu wewe mwenyewe, vifaa vyao na usimamizi wao vinakupa hoja kwenye dalili za swali la 4, lakini ni hoja ya kupigania. Uliza kamati ya ujenzi kabla ya kusaini ajali inabebwa na nani, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Ukiuliza baada ya kuanguka, kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

18. Akina mama wanaopandisha maji, mama ntilie na wagonga kokoto je?

Mama ntilie anafanya biashara yake, hayumo. Mama anayepandisha maji mlimani kwa amri ya msimamizi, ndoo baada ya ndoo siku nzima, analipwa kwa kipande kama mpiga plasta wa swali la 5, na sioni kwa nini asihesabike. Tatizo lake ni kwamba jina lake haliandikwi popote. Msimamizi, mwandike.

Mgonga kokoto anayepasua jiwe lake na kuuza kwa debe anajitegemea. Akiwa kwenye machimbo ya mtu anayempangia kazi, hesabu inabadilika, na hapo hata ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe unaingia kwenye magonjwa yatokanayo na kazi, sio ajali pekee.

19. Nimepelekwa kujenga Ukerewe au Ukara. Safari ya majini inahesabika?

Bosi akikusafirisha kwa chombo alichokodi yeye kwenda kufanya kazi yake, hoja yako ni nzuri. Ukisafiri kwa hiari yako Jumapili kwenda kusalimia nyumbani, ni dhaifu. Kisiwani tatizo kubwa ni muda. Kituo cha afya kinaandika huduma ya kwanza, kisha unavushwa kwenda hospitali za mjini Mwanza, Sekou Toure au Bugando. Beba karatasi ya kwanza. Ndiyo inayoonyesha ajali ilitokea wapi na lini.

20. Nimepata kazi Kisumu. WCF itanifuata?

Ukiajiriwa na kampuni ya Kenya, uko chini ya sheria ya Kenya ya fidia ya ajali kazini ya 2007, ambayo inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Nayo inawalinda waajiriwa, kwa hiyo swali la 4 utakutana nalo huko pia. Uliza jina la kampuni ya bima kabla hujapanda basi la Sirari.

21. Mgongo ulianza kuuma miezi mitatu baada ya kubeba zege. Nimechelewa?

Bado uko ndani ya miezi 12, ila kila wiki inayopita inaongeza ugumu. Nenda kwa daktari leo, mweleze kazi unayofanya na tangu lini, kisha mpe mwajiri taarifa kwa maandishi hata kama saiti imeshaisha. Kama dai litakataliwa, unaweza kumwandikia Mkurugenzi Mkuu wa WCF kuomba uamuzi upitiwe upya. Ambatanisha vitu vya swali la 11, na baki na nakala ya kila karatasi unayokabidhi, yenye mhuri wa kupokelewa.